Kababu Nilizochelewa Kumpikia

Kakuma, Jumamosi, 9 Februari 2013

Joto la leo halina huruma. Tangu asubuhi upepo unaleta vumbi mpaka ndani ya sufuria, na mimi, mwalimu wa hesabu ambaye hajawahi kupika zaidi ya ugali na mayai, nimeshinda jikoni nikitengeneza kababu.

Ni za mke wangu, Nasimiyu.

Mimba ilipofika mwezi wa nne alianza kuzitamani. Zile za nyama ya kusaga zenye dhania na pilipili manga, kama alizokula kwenye harusi ya binamu yake kule Kitale. Kila mara nilimwambia nitampikia wikendi. Wikendi zikapita, mimi nikisahihisha mitihani.

Wiki tatu zilizopita mimba ilitoka. Ilikuwa ya miezi mitano. Mimi nilikuwa Lodwar, kwenye semina.

Tangu arudi kutoka hospitali hali chakula cha maana. Chai, vijiko viwili vya uji, basi. Nikimsalimia anaitika, mashati yangu anafua, lakini hanitazami. Mama yake akipiga simu kutoka Bungoma anamwambia yuko sawa.

Hayuko sawa. Hata mimi.

Leo nimenunua kilo moja ya nyama ya mbuzi. Mwenye bucha hana mashine ya kusaga, kwa hiyo nimeikatakata kwa kisu mpaka kiganja kikatoka lengelenge. Nikatia kitunguu, saumu, tangawizi, bizari nyembamba, pilipili manga, dhania. Nikaviringa, nikaweka kwenye mafuta. Tatu za kwanza zikasambaratika zote.

Nikaketi kwenye kigoda nikalia. Nilipofika hospitalini siku ile sikutoa hata chozi. Nimekuja kulia leo, mbele ya nyama.

Mama Achol alinikuta hivyo. Ni mkimbizi kutoka Sudan Kusini, anauza viungo karibu na lango letu, na ndiye aliyempakia mke wangu kwenye pikipiki wakakimbia hospitali siku ile. Hakuniuliza nalia nini. Alichungulia bakuli.

"Mwalimu, kitunguu yako iko na maji mingi. Kamua na kitambaa. Weka yai moja na mkate kidogo, alafu wacha ipumzike."

Nilifanya hivyo. Safari hii zikashikana, zikaiva vizuri, nyumba nzima ikanukia. Mama Achol akaosha mikono, akarudi kwenye biashara yake.

Nilimpelekea Nasimiyu sahani chumbani. Akala moja yote. Akachukua ya pili, akaishika tu.

"Nilikupigia mara tatu," akasema.

Watu wote nimewaambia kwamba mtandao ulisumbua Lodwar siku ile. Mama mkwe, mchungaji, walimu wenzangu. Nasimiyu mwenyewe hakuwahi kuuliza.

"Niliziona," nikamjibu. "Nilikuwa natoa mada mbele ya wakubwa wa elimu. Nikazima sauti. Nilidhani ni yale maumivu ya mgongo uliyoniambia asubuhi."

Nimeuandika ukweli huu hapa ulivyo, nisije nikaupunguza baadaye.

Akalia. Hakupiga kelele, mabega tu ndiyo yalitikisika. Nilinyoosha mkono, akausukuma. Nikakaa sakafuni kando ya kitanda, nisijue kama nitoke au nibaki. Kisha, akiwa bado amegeukia ukuta, akauliza, "Wewe ulimtaka huyu mtoto?"

"Nilimtaka sana."

"Mbona hujawahi kumtaja?"

Ni kweli. Tangu siku ile nimekuwa nikisema "ile shida", "yale mambo", kana kwamba ni bomba lililopasuka.

Alikuwa msichana. Tulikuwa tumekubaliana akiwa msichana aitwe Nafula.

"Nafula," nikasema.

Akageuka, akanitazama. "Sema tena."

Nikasema tena. Akasogea kidogo, akaniachia nafasi pembeni ya kitanda. Sidhani huo ni msamaha, wala sikuuliza. Tulikaa tukimzungumzia binti yetu mpaka kababu zikapoa.

Kesho tukitoka kanisani nitampigia mama mkwe, nimweleze ukweli kuhusu zile simu. Sijui atanijibu nini. Nitapiga hivyo hivyo.