Mwandiko Mzuri Umeniponza

Anti Kunegunda, shikamoo. Naomba unishauri kabla sijafanya ujinga, mimi ni msichana wa kidato cha nne hapa Songea, ndoto yangu ni kupima damu hospitalini na kemia naipenda kuliko wali, lakini kundi letu la praktikali lina wavulana watatu na mimi, na tangu mwaka jana Mwalimu Egidi aliposema, "Wewe una mwandiko mzuri, utaandika," mimi naandika tu, kazi ikiisha naosha vyombo vya maabara wao wanakwenda mpirani, na anayeshika bureti, ule mrija wa kupimia asidi, ni Jordan, anadondosha asidi huku macho yake yapo dirishani, rangi inatakiwa igeuke ya chungwa kidogo tu yeye anaipitisha mpaka nyekundu, basi mimi narekebisha namba kwenye ripoti tusiaibike, tunapata alama nzuri, Jordan anaitwa Profesa, sasa mtihani wa taifa kila mtu anafanya peke yake na mimi bureti sijawahi kuishika, juzi nikajaribu, nikafungua koki kupita kiasi, nikapitisha rangi, wakacheka mpaka Mwalimu naye akacheka, dada yangu Severina anasema usajili haujafungwa, niache kemia nihamie sanaa nilinde heshima, anti, nihame?

Karani wa Maabara, Songea

Marahaba, Karani. Pole sana, na sasa kaa vizuri nikuseme.

Huyo Profesa umemtengeneza mwenyewe. Kumpikia mtu namba ni udanganyifu, acha leo. Halafu hebu jisome: unajua rangi imepita kabla Jordan hajatoa macho dirishani, na unajua namba ilipaswa kuwa ngapi. Kemia unayo, mwanangu. Kilichobaki ni mkono, na mkono unafundishika. Siku ya kwanza kusonga ugali ulitoka mabonge, wakala hivyohivyo.

Kesho nenda kwa Mwalimu Egidi, mpe shikamoo yake, kisha mwambie unataka zamu ya bureti, tena uanze wewe. Na kwa kuwa walimu mnanisoma mkinywa chai: Mwalimu, kuandika si ugonjwa wa wasichana. Kalamu mpe Jordan. Mwandiko wake kama kuku kaparura? Aanze mapema, siku ya mtihani naye hatakuwa na karani. Vyombo oshaneni wote. Severina mwambie sanaa ni ya anayeipenda, si maficho ya anayechekwa.

Utapitisha rangi tena, na watacheka tena. Mwaga, suuza, anza upya. Jordan anamwaga asidi ya shule tangu mwaka jana, na hakuna hata mmoja aliyemshauri ahamie sanaa.