Ugonjwa Uliotoka kwa Mum

Mountain View,
Nairobi.
14 Septemba 2008

Mpendwa ndugu yangu Kibe,

Sasa? Hujambo huko Halifax, na kile kifua kilipona? Na bibi harusi wako Naliaka, naye hajambo? Sisi tunapumua, ingawa siwezi kukuambia tuko wazima.

Unakumbuka Mum alivyokuwa akisalimia watu kanisani, mkono wake unakwama kwenye mkono wa mtu? Tulikuwa tukicheka kwamba anapenda watu mno. Ni ugonjwa, Kibe. Uko kwenye damu yetu.

Nilijua kwa sababu ya Debra wangu. Mwalimu alilalamika kwamba ni mvivu, macho yamelegea, hamalizi kuandika. Kumbe akishika kalamu vidole havifunguki. Nilimpeleka kwa Daktari Hiral, pale Hurlingham, na damu yetu ikatumwa Afrika Kusini.

Majibu yaliporudi, daktari alinieleza polepole. Mwili hunakili maagizo kutoka kwenye jeni, kisha hukata nakala hiyo na kuunga vipande vinavyotakiwa. Kuna protini zinazosimamia kazi hiyo. Kwetu sisi nakala moja imerefuka kupita kiasi, na inazinasa protini hizo kama ulimbo unavyonasa ndege. Basi vipande vinaungwa ovyo, na misuli ya mtu mzima inapewa maagizo ya mtoto mchanga. Ikikaza, haiachii. Na moyo pia ni msuli.

"Dawa iko?" nikamuuliza.

"Hakuna, Mama Debra. Hata ng'ambo bado wanachunguza tu."

Akasema kila kizazi huanza mapema zaidi na huumia zaidi. Mum ulimwanza uzeeni. Mimi umenianza mwaka jana; asubuhi kikombe hakinitoki mkononi. Debra bado yuko shule ya msingi.

Ndeti, shemeji yako, akitoka kazini hukaa garini nje ya geti mpaka chakula kipoe.

Tafadhali nenda ukapimwe damu na moyo kabla hamjapata mtoto. Najua si habari ya kumtumia bwana harusi.

Mum anajua ugonjwa wake tu. Wa kwetu hatujamwambia. Kila akiombea chakula humshukuru Mungu kwamba umeishia kwake, nasi tunaitikia amina. Debra, ambaye anajua, huitikia kwa sauti kutushinda sote. Ukipiga simu, nawe itikia.

Tata Nyambura, shangazi yetu wa Kangemi, anakusalimu, na Ndeti pia. Mungu akukinge na baridi hiyo, na hili pia.

Dada yako akupendaye,
Wanjira