Jiwe langu katika ukuta wa wachelewaji

Jumatatu, jioni. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na mtaa wetu wa Keshero wote unanuka matope na moshi wa makaa yenye maji. Mama amelala. Mimi siwezi.

Nina neno ambalo sijamwambia mtu, hata mama, hata padri.

Mwalimu tunayemlilia hajafa.

Nimemwona. Nimeisikia sauti yake. Nimengoja mpaka gari lililomchukua mke wake liondoke leo asubuhi, ndipo nikapata nguvu ya kuandika. Majina nimeyabadilisha, na shule siitaji.

Tulimwita Prof Montre, Profesa Saa, kwa sababu kila asubuhi alisimama mlangoni pa shule akitazama saa ya mkononi. Alifundisha jiografia. Hakuwahi kumchapa mwanafunzi. Ukichelewa, alikurudisha barabarani ukachukue jiwe, lile jeusi la volkano ambalo mji wetu umejaa, ukalibeba kichwani mbele ya shule nzima mpaka ukingo wa uwanja. Pale ulilipanga juu ya mawe ya wachelewaji wenzako. Shule haikuwa na pesa ya kujenga ukuta, ila wachelewaji ilikuwa nao wengi. Mwaka baada ya mwaka ukuta ukapanda, na waliomaliza zamani wakipita na moto zao, pikipiki za kubeba watu, bado wanawaonyesha abiria: lile pale ni langu.

Mimi sina jiwe pale. Sikuwahi kuchelewa. Watu walidhani ni bidii, kumbe niliogopa kutazamwa. Niliamka gizani miaka yote ya sekondari ili tu macho ya watu yasinifuate nikivuka uwanja.

Siku vita vilipoingia mjini, madarasa yetu yalikuwa yamejaa wakimbizi. Madawati walikuwa wameshayafanya kuni za kupikia. Ubao wa darasa letu ulikuwa chini, na mama mmoja alijifungulia juu yake. Prof alitoka kwake asubuhi ile kwenda kuwaambia wale watu walale nyuma ya ukuta, mawe yangewakinga risasi. Yaliwakinga wengi. Kisha bomu likatoboa ukuta upande wa barabara. Prof hakurudi nyumbani. Walipata koti lake karibu na tundu, na chaki mfukoni. Siku zile watu wengi walizikwa bila kutazamwa uso. Mke wake, nitamwita Mama Aline, alivaa kitambaa cheusi, watu wakakaa matanga bila maiti.

Nami nililia matanga yale. Nililia sana.

Baada ya matanga nilianza kumsaidia mama. Shule imekwisha, kazi hakuna, kwa hiyo tunachukua sambaza, vile visamaki vya ziwani, pale Kituku, tunazikausha, nami nazipeleka Lac Vert, nje ya mji, kuziuza. Wiki iliyopita mteja mmoja alinikawiza, mvua nayo ikanifungia njia. Nilipofika kwenye barrière, kizuizi cha njiani, jua lilikuwa limeshazama. Walikuwa watu wanne au watano wenye bunduki, kamba imevutwa barabarani, na mawe yaliyopakwa chokaa pande zote mbili. Sitaandika walikuwa wa upande gani. Huku kwetu swali hilo limeshaua watu.

Mmoja alichungulia beseni langu.

"Unatoka wapi saa hizi?"

"Lac Vert, papa. Nilienda kuuzisha sambaza."

"Na ziko wapi?"

"Zimeisha, papa."

Alinitazama kwa muda mrefu, kutoka miguuni mpaka usoni. Kisha akawaambia wenzake, "Huyu atalala hapa. Atatupikia."

Wakacheka. Mimi sikuweza hata kulia. Nilitazama matope, nikajiambia nisihesabu wako wangapi.

Ndipo nyuma yao mtu akapaza sauti:

"Retardataire!"

Mchelewaji! Miguu yangu iliijua sauti ile kabla ya kichwa. Nilisimama wima, kama pale mlangoni pa shule.

Alitoka gizani amevaa nguo zao, bunduki begani. Ndevu zimeota, amekonda, ananuka pombe. Hakuniangalia usoni.

"Saa hizi ndiyo unafika? Wenzako wote wamefika kitambo, weye uko natembea kama bibi arusi! Kamata jiwe. Lile pale. Weka ku kichwa!"

"Mwalimu ameanza masomo yake," mmoja akasema, na wote wakapasuka kwa kicheko.

"Atalibeba mpaka ku ile nyumba iliungua, na kurudi. Mie namufuata nyuma. Akiliangusha, anaanza upya."

"Mupeleke, Mwalimu," yule wa kwanza akasema. "Lakini umurudishe."

Nikalibeba. Lilikuwa zito, chokaa yake inanichafua vidole. Nilikuwa natembea na kumsikia nyuma yangu, hatua zake zilezile za kupita kati ya madawati wakati wa mtihani. Tulipofika kwenye nyumba iliyoungua hakuniambia nisimame.

"Usigeuke," alisema polepole.

"Prof."

"Hakuna Prof hapa."

"Mama Aline amevaa nyeusi. Tulikaa matanga yako."

Hatua zake zilipungua mpaka nikadhani amebaki nyuma.

"Aende kwao Butembo na watoto," akasema. "Akijua niko, atakuja kunitafuta. Na hawa watamukamata mbele ya macho yangu. Unasikia?"

"Nasikia."

"Umeniona?"

Niliendelea kutembea. Akaniuliza tena, kwa sauti ya darasani, ile ya kumngoja mwanafunzi anayejua lakini anaogopa kusema.

"Hapana, Prof. Sijakuona."

"Bien. Enda. Jiwe usiliweke chini, wanatazama. Kwa kona ile, kimbia."

Kwenye kona nikakimbia, jiwe nimelikumbatia, beseni limebaki kwao. Nyuma nikasikia wakinipigia kelele, kisha wakimpigia yeye kelele. Kisha nikasikia ule mlio wa mtu anayepigwa na kitu kigumu.

Sikugeuka. Alikuwa ameniambia nisigeuke.

Kwa hiyo ninaposema hajafa, maana yangu ni kwamba jioni ile alikuwa hai. Zaidi ya hapo sijui. Sijui pia mikono ile iliyotuchorea Afrika ubaoni bila kutazama kitabu imeshafanya nini tangu wamchukue. Nimemwomba Mungu asinionyeshe.

Jumamosi waliosoma shuleni kwetu waliitana. Mama Aline alikuwa ameamua kusafiri leo, na Kambale, anayeendesha moto, alikuwa amepata wazo: kila mtu alete jiwe, tuzibe tundu la ukuta kwa kumbukumbu ya Prof. Walikuja wengi, wengine watu wazima wenye watoto mgongoni. Kwa muda mfupi ilikuwa kama récréation, ule wakati wa mapumziko shuleni.

"Nusu ya ukuta huu ni yangu," Kambale alijisifu. "Munilipe kodi."

"Kodi ya uvivu!" akamjibu Solange, niliyekaa naye dawati moja. "Mwenzenu alikuwa anaishi mbele ya shule, na bado anachelewa!"

Mmoja akaiga Prof anavyopiga saa yake kwa kidole. Mwingine akakumbuka siku Prof mwenyewe alipochelewa kwa sababu ya mvua: alirudi barabarani na koti lake, akaja na jiwe kichwani, maji yakimtiririka, shule nzima ikapiga makofi. Watu walicheka kisha wakafuta macho. Solange akasema, "Hakuna mutu atapiga Prof wetu na bunduki tena. Ameshapumzika." Wote wakaitikia amina.

Mimi nilikuwa nyuma, nimeshika jiwe langu ndani ya kitenge. Nilikuwa nimelificha chini ya kitanda siku zote hizo, sina ujasiri wa kulitupa.

"Hee, angalieni!" Kambale akanionyesha. "Mutakatifu wetu ameleta jiwe! Weye ulichelewa siku gani?"

Wote wakageuka. Ndicho nilichokiogopa miaka yote ile.

"Nimechelewa sasa," nikasema.

Wakacheka kwa wema. Mama Aline hakucheka. Alikuja akasimama mbele yangu, akagusa jiwe.

"Lina chokaa," alisema. "Ulipata wapi jiwe la hivi?"

"Njiani, mama."

Alinishika mkono. Kisha akasema, si kwangu tu, ila mimi ndiye niliyekuwa karibu: "Mutu mumoja tu angeniambia alimuona kule mwisho. Hata kama ni vibaya. Niende nikijua."

Kinywa changu kilifunguka, naapa kilifunguka. Niliona kitambaa chake cheusi kimeanza kupauka. Nikaona Aline, mtoto wake mkubwa, amekaa juu ya mabegi ya safari waliyokwisha kuyafunga. Nikamwona mama yule akienda peke yake Lac Vert, akiuliza kila barrière, kwa jina, kwa sauti. Angeenda, najua angeenda, hata mimi ningekuwa mke ningeenda.

"Pole, mama," ndicho kilichotoka.

Akanikumbatia kunifariji mimi. Yeye, mimi.

Nilipanga jiwe langu katika tundu, upande wenye chokaa nikaugeuza ndani ili barabarani wasiuone. Kambale akaweka lake juu yake. Sasa haliwezi kutoka bila kubomoa.

Leo asubuhi nilienda kwenye gari. Niliwabebea bidon ya maji mpaka mlangoni. Mama Aline alisema nikimaliza mambo yangu nije Butembo, kwao kuna shamba. Gari likaondoka kwenye mvua. Usiku huu, barabara ikikubali, analala ugenini akiwa mjane, na mume wake, kama bado yuko, anajua kwamba mwanafunzi mmoja ametii.

Je, nimemwokoa mama yule, au nimemzika mume wake kwa mara ya pili?

Sijui nitaishije na jibu lolote kati ya hayo mawili. Kesho nitaenda Kituku kuchukua sambaza, kwa sababu lazima tule, na nitarudi mapema.

Jina la shule sijaliandika, lakini kama uliwahi kubeba jiwe pale kwetu umeshamjua ninayemsema, na unajua huo ukuta uko wapi. Basi nakuomba kama dada yako mdogo. Ukipita pale, usiguse jiwe lililo chini ya la Kambale. Na ukimkuta Mama Aline, Butembo au popote, mwitikie salamu zake, msikilize akimsifu marehemu, umwambie pole.

Hukuniona, na mimi sikumwona.