Waliomtangulia Kanku

Mama,

Utacheka ukisikia. Mtoto wako aliyekuwa anafinywa masikio kwa kuuliza maswali mengi, sasa kuuliza ndiyo kazi yake. Tangu tukuzike, mvua imekuja na kwenda, Tata, mumeo, amelima mahindi nyuma ya nyumba mpaka yanagusa dirisha la jirani, na mimi nimeingia katika uchunguzi wa afya. Serikali inataka kujua, Zaïre nzima, akina mama wamezaa watoto wangapi, wangapi wapo na wangapi wamekufa, ili watafiti wa Kinshasa na Lubumbashi waone wapi chanjo inahitajika zaidi. Nikapewa upande wa pili wa Kapata yetu hapa Kolwezi.

Nilidhani ni kazi rahisi, maana hawa ni mama zetu, tunakutana nao sokoni. Kweli walinikaribisha, wakanipa kiti. Lakini nikifika kwenye swali la waliokufa, kila mmoja alinijibu kwa neno lile lile lako: "Beko." Wapo. Bote beko! Citoyen Kazadi, msimamizi wetu, alipitia karatasi zangu akavua miwani. "Citoyenne, ku Kapata bantu habakufaka?" Eti watu wa Kapata hawafi! Akanieleza kwamba karatasi zikienda hivyo, watakaozisoma watasema Kapata haina shida, na chanjo itapelekwa kwingine. Mama, niliumia. Makaburi yetu nayajua, na vilima vyake vidogo vidogo nimevipita mara nyingi.

Neno hilo "beko" nimelisikia kwako tangu utoto. Kwa masista shuleni nilikuwa Véronique, na wewe majirani walikuita Mama Véro. Ulilipenda jina hilo kwa sababu halikumfanya mtu aulize chochote. Kisha ikatoka amri kwamba majina ya kizungu yaachwe, kila mtu achukue la mababu. Ukanishika mkono hadi ofisini, ukataja jina langu kwa sauti ndogo sana. Karani alikuwa Mluba mwenzetu, akainua kichwa mara moja, maana kwetu mapacha huitwa Mbuyi na Kabanga, na Kanku ni mtoto anayezaliwa baada yao. "Eeh, Mwambuyi!" akakusalimu kwa heshima ya mama wa mapacha. "Na Mbuyi na Kabanga, beko wapi?" Ukasema "Beko," ukanivuta nje. Njiani ulininunulia muwa. Nilitafuna peke yangu, wewe ukijifuta macho kwa pembe ya kikwembe ulichojifunga. Shangazi ndiye aliyeniambia baadaye kwamba surua, hiyo rougeole, iliwachukua wote wawili kabla sijazaliwa.

Basi, baada ya maneno ya Kazadi, nilifika kwa Mama Ntumba, anayekaanga mikate mbele ya nyumba yake. Aliniangalia kutoka juu mpaka chini. "We unaniuliza mingi. Na weye, jina yako nani?" Nikasema Kanku. Kijiko kikasimama. "Kanku? Na bale ba mbele yako?" Mama, lile "beko" lilikuwa tayari mdomoni. Nikalimeza. Nikasema, "Balikufa. Rougeole." Sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Mama Ntumba akavuta kigoda karibu yangu, akaanza kunitajia wa kwake walioondoka, jina kwa jina. Mikate iliungua yote, wala hakuigeukia.

Siku hizi naanza na jina langu kabla ya swali lolote. Wao wananiuliza kwanza, ninajibu, halafu nao wananijibu. Si wote. Wapo wanaosema beko mpaka leo, na siwabishii, mimi ni nani nimbishie mama kwa hilo? Lakini Kazadi amezikubali karatasi za Kapata, na anasema safari hii hata mkaidi atatuona.

Kitu kimoja tu kilinikosesha raha. Maswali ya uzazi wanaulizwa akina mama walio hai. Wewe umeshaondoka, na mapacha wako wangeondoka na wewe, kana kwamba hukuwabeba kamwe, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Ilibaki njia moja. Kuna sehemu ya karatasi ambapo mwanamke anataja ndugu zake wa tumbo moja. Lakini nyumba zinachaguliwa kwa bahati, huwezi kujiweka mwenyewe. Niliomba, mama. Nilisali rozari kwa ajili ya bahati nasibu, usimwambie padri.

Na bahati ikaiangukia nyumba ya Tata, ambamo bado ninakaa! Akaja Mujinga, mwenzangu wa kazi, akakaa kwenye kiti chako. "Mama yako alizalaka batoto gani? Bote, hata bale balikufa. Anza na wa kwanza." Tata alikuwa mlangoni na jembe lake. Nikasema: Mbuyi. Kabanga. Kanku. Tata alivua kofia, akakaa chini palepale kizingitini, akalia, nami nikalia, na Mujinga maskini akatungoja.

Usiogope, majina yanaondolewa kabla karatasi hazijafika kwa watafiti. Hakuna atakayekusengenya. Lakini mtu asiyewahi kuiona Kolwezi ataona kwamba mama fulani alizaa watatu, na wawili wa kwanza hawakukua. Atajua kwamba walizaliwa.

Nina mimba, mama. Hilo nilikuwekea mwisho kwa makusudi. Nakuahidi mtoto huyu atapata sindano ya surua, hata kama itanibidi kushinda kwenye mstari wa dispensari na mvua inanyesha. Na siku akiniuliza kwa nini ninaitwa Kanku, nitakaa naye nimweleze yote.

Lala vizuri, Mwambuyi. Niruhusu nikuite hivyo leo. Nisalimie wakubwa wangu, Mbuyi na Kabanga, uwaambie kwamba huku tuliulizwa habari zao, na tumejibu.

Beko.

Kanku wako