Madaftari Niliyokukabidhi

Lusu, Nzega
4 Agosti 1974

Mpendwa mdogo wangu Masolwa,

Salamu nyingi kutoka huku Lusu. Mimi ni mzima, kile kikohozi kimekwisha. Je, wewe na kazi yako ya ghalani? Bi Batuli mwenye nyumba wako mpe shikamoo yangu.

Tumeambiwa tuhame. Kabla ya mwisho wa mwezi kila mtu awe kwenye kijiji kipya, kule karibu na barabara. Kukaa pamoja sikukatai, shule na zahanati vitakuwa karibu. Ila jana mgambo walipita wakiezua mapaa ya waliochelewa. Kwa mzee jirani yetu waliezua yeye yumo ndani anakula. Vumbi la nyasi na mavi ya panya vikamwagikia kwenye ugali wake, nao wakacheka. Watoto wao ndio ninaowafundisha. Mchana huo chakula kilinishinda.

Sasa nisikilize. Mtihani wa kidato cha nne kwa sisi watahiniwa binafsi ni Novemba. Madaftari yangu ya miaka mitatu siwezi kuyaacha chini kwenye mchwa, wala kuyalaza nje. Nimeyatia kwenye sanduku la bati la marehemu mama. Flavia, mwalimu mwenzangu, anakuja Tabora Jumatano, atakukabidhi mkononi. Nimeyafunga kwa nyuzi: nyekundu Historia, kijani Biolojia, buluu Jiografia, nyeupe Kiswahili. Kila ukurasa una herufi ya somo na namba yake, usichanganye. Sanduku likae juu ya matofali, mbali na ukuta, na majani ya mwarobaini yaliyomo usiyatoe. Nitakuwa naomba somo mojamoja.

Nilipoishia darasa la nane nikaenda kufundisha ili wewe uendelee, sikununa, na leo sinuni. Lakini hii ni zamu yangu.

Dada yako akupendaye,
Koleta

Ng'ambo, Tabora
19 Agosti 1974

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi huku sijambo, mambo safi kabisa.

Sanduku nimelipokea, liko juu ya matofali manne kama ulivyoagiza. Kwa kweli nilicheka nilipolifungua! Nyuzi, namba, na orodha ya yaliyomo kwenye kila jalada! Sisi tuliokaa shuleni hatukuwa hivyo. Anton, yule rafiki yangu wa ghalani ninayekaa naye chumba kimoja, anasema ungefaa kuwa karani wa mkoa.

Nimeshonewa suruali ya bugaluu na fundi Lukumani. Ukija utanipita njiani bila kunijua. Usiwe na wasiwasi wa chochote.

Mdogo wako,
Masolwa

Lusu, kijiji kipya
15 Septemba 1974

Mdogo wangu Masolwa,

Hujambo? Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ingawa tumbo linanisumbua.

Tumehama. Nyumba yangu ina kuta za miti na nusu ya paa. Kisima ni kimoja kwa kaya mia mbili, na maji yake yana utando wa kijani. Unayachuja kwa kitambaa, na ukiyatazama kwenye kikombe bado unaona vitu vinacheza. Tunayanywa hivyohivyo.

Naomba Jiografia, uzi wa buluu. Mpe dereva wa basi la Nzega, Flavia atapokea stendi. Nasoma alfajiri kabla ya shule, na siku hazinisubiri.

Dada yako,
Koleta

Lusu
30 Septemba 1974

Masolwa,

Habari za siku. Jiografia sijaipata. Flavia ameenda stendi mara tatu. Nijibu hata kwa mistari miwili.

Dada yako,
Koleta

Ng'ambo, Tabora
9 Oktoba 1974

Dada mpenzi,

Shikamoo, na pole na tumbo. Mimi mzima, ila kazi ya kufunga marobota ya tumbaku inatumaliza.

Nimeshangaa sana! Jiografia nilimpa abiria mmoja wa Nzega, mtu mzima mwenye sura ya heshima, kanzu safi, akaniapia ataifikisha. Dunia imeharibika, dada. Basi nakutumia Historia, anza na hiyo. Mengine yapo salama. Usihangaike kuja, safari ni ya taabu na chumba chetu kidogo.

Mdogo wako,
Masolwa

Lusu
21 Oktoba 1974

Masolwa,

Hali yako sikuulizi.

Jumamosi nilikuja Tabora bila kukuarifu. Wewe na Anton mlikuwa mmekwenda mpirani. Bi Batuli alinipokea vizuri, akanipa maji ya kunywa, nami nikaomba kwenda chooni. Ukutani palikuwa na msumari, na kwenye msumari karatasi zimetobolewa katikati. Ya juu kabisa ilikuwa J 52. Mito inayoingia Malagarasi. Ramani niliyoipaka rangi kwa penseli za kuazima.

Nikatazama chini ndani ya shimo. Sikutakiwa kutazama. Nilitapika, Masolwa. Nilitapikia mwandiko wangu mwenyewe.

Bi Batuli alikuja mbio na birika la maji. Akaniuliza, "Mwanangu, karatasi hizo zako?"

Nikamwambia ni zangu.

Akaketi kizingitini kama mtu aliyepigwa. "Mimi nimemwambia mdogo wako, nyumba hii tunatumia maji. Karatasi yenye maandishi haiingizwi huku, hujui imeandikwa jina gani. Akanijibu, bibi, hizi ni takataka za mtu aliyekwisha kushindwa mtihani."

Aliyekwisha kushindwa. Mtihani wenyewe sijaufanya.

Ndipo akainua mkeka wake chumbani. Tangu Septemba, kila mkienda kazini alikuwa akizitoa karatasi msumarini na kuzificha. Mlikuwa mkiweka nyingine, naye akitoa tena. Mama huyu anasoma herufi za Kiarabu tu, za kwetu hazijui, lakini alizilaza zote kwa adabu kama mali ya mtu. Zilikuwa tisini na tatu. Tulikaa uani, mimi nikisoma herufi na namba, yeye akinipangia mafungu. Jiografia zilipatikana kurasa kumi na tisa. Biolojia haikufika nusu.

Nikaingia chumbani kwenu kuchukua sanduku. Chini kabisa Kiswahili kilikuwa bado kimefungwa kwa uzi wake. Juu yake mlikuwa mmetia viatu vya mpira, soksi zilizokauka kama ngozi, na kipande cha mkate kimeota ukungu. Mende walinipanda mikononi. Sanduku la mama! Nimelisugua kwa majivu mara nne na bado nasikia harufu, sijui ni yake au iko puani mwangu.

Lakini choo kinanuka kwa kuwa ni choo. Mende ni mende. Nilipofika nyumbani nilisoma tena barua yako ya tarehe tisa: mtu mzima, sura ya heshima, kanzu safi. Uliketi ukamtunga mzee wa watu, ukamvika na kanzu, ukamfanya mwizi. Hapo ndipo nilipokuonea kinyaa ambacho sikujua dada anaweza kumwonea mdogo wake.

Koleta

Ng'ambo, Tabora
29 Oktoba 1974

Dada,

Shikamoo. Sijui kama utaisoma hii.

Nilitaka kuandika kwamba ni Anton aliyeanza. Nimeichana barua hiyo. Wa kwanza kuchana ukurasa ni mimi. Magazeti yalikuwa yamekwisha, nikajiambia moja tu, kisha moja tena. Niliona utachoka kabla ya Novemba, walimu wangapi wamesema watafanya mtihani wakaacha?

Nalo baya zaidi ni hili. Siku ile nilipoyafungua sikucheka kwa furaha. Mimi nilikuwa na walimu, dawati na maktaba, na sikuwahi kuandika daftari hata moja kama yale. Sikupenda kuyaona pale chumbani.

Bi Batuli hanijibu salamu. Ametupa notisi ya kuhama.

Nimekaa siku saba naandika Jiografia upya, yote ninayoikumbuka. Ni kurasa thelathini na mbili, ziko ndani ya bahasha hii. Nisamehe.

Mdogo wako,
Masolwa

Lusu
6 Novemba 1974

Masolwa,

Bahasha yako imefika, nakurudishia. Ukurasa wa nne umeandika Malagarasi inaingia Ziwa Viktoria. Mwanafunzi wangu wa darasa la sita hakosei hilo. Nimesahihisha zote kwa wino mwekundu kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kuzisomea mtihani nimeshindwa. Nilizishika kwa ncha za vidole, na nikimaliza kila ukurasa nanawa.

Mtihani unaanza wiki ijayo. Usinitakie heri.

Koleta

Gongoni, Tabora
2 Machi 1975

Dada,

Shikamoo. Hii ni barua ya nne tangu Novemba. Mimi mzima. Nimehamia Gongoni, nakaa peke yangu.

Nasikia matokeo yametoka. Sina haki ya kuuliza, lakini nauliza.

Jambo la pili ni zito. Nataka kumwoa Pelagia, anayeshona kwenye duka la Manjula hapa Gongoni. Wazazi wake wanataka kuona mtu wa kwetu, na baba na mama hawapo. Nimebaki na wewe tu. Wamepanga Jumamosi baada ya Pasaka. Usipokuja nitaelewa, ila sitakuwa na la kuwaambia.

Mdogo wako,
Masolwa

Lusu
16 Machi 1975

Masolwa,

Barua zako zote nimezipata. Mimi ni mzima. Mvua mwaka huu si mbaya, na kisima kimechimbwa kingine.

Historia na Kiswahili nimefaulu vizuri. Biolojia nimepita kwa shida. Jiografia nimeanguka. Novemba nitaifanya tena. Flavia ameniazimia kitabu, nimeanza kuandika upya kutoka ukurasa wa kwanza, nami madaftari nayatunza mwenyewe.

Nitakuja Jumamosi hiyo. Nitavaa kitenge kizuri, nitaketi mahali pa mama, na wakiuliza wewe ni mtu wa namna gani nitawaambia ni mchapakazi, maana hilo si uongo. La chooni sitalisema. Utamweleza Pelagia wewe mwenyewe kabla sijafika. Anaingia ukoo huu, ajue.

Kulala nitalala kwa Bi Batuli, nimekwisha kumwandikia, jirani yake atamsomea.

Najua wakwe wataleta sinia moja, dada na mdogo wake tule pamoja kama desturi. Nimejaribu kujiona nikitia mkono penye mkono wako, na tonge halishuki. Labda siku nyingine. Waombe kwa heshima, useme dada yangu ana tatizo la tumbo, wanipakulie sahani yangu peke yangu.

Dada yako,
Koleta