Dawa Ambazo Sikuzitupa

6 Februari

Kwako Chiriku, mdogo wangu,

Hujambo? Watoto hawajambo? Mimi sijambo, na safari hii sisemi kwa mazoea. Baridi yabisi bado ninayo, magoti asubuhi bado yanagoma, lakini hayo mazoezi yako ya pilates yamenitoa mbali. Nalala chali kwenye mkeka, natoa pumzi, nainua nyonga polepole kama ulivyonielekeza, na maumivu yakianza naacha. Dawa nakunywa vilevile. Daktari kasema niendelee na vyote viwili. Jana nilikanyaga cherehani asubuhi nzima. Tena, usicheke, naoga mwenyewe. Binti yangu haniogeshi tena. Hilo nakwambia wewe tu.

Picha uliyoomba hii hapa, nimo mkekani na gauni langu la kulalia.

Dada yako

20 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mbio tu. Barua yako imeniliza. Wanafunzi wanaongezeka, wiki ijayo nahamia ukumbi mkubwa. Endelea kubana tumbo, na pumzi usiizuie.

Mdogo wako

9 Aprili

Chiriku,

Natumai mu wazima. Mwili wangu haujambo, moyo ndio mgonjwa.

Mteja aliyekuja kupimwa gauni kanionyesha tangazo lako kwenye simu. Picha yangu, na gauni la kulalia, na chini yake: "Dada yangu alikuwa anaogeshwa. Alitupa dawa zote, pilates ikamponya." Nani katupa? Nani kapona? Ya kuogeshwa nilikunong'oneza, ukayatangazia watu nisiowajua.

Aibu hiyo ningeimeza. Lakini mpiga pasi wetu hapa dukani, anayeumwa kama mimi, alilisoma kabla yangu. Hakuniuliza. Alidhani namnyima siri ya kupona, akaacha vidonge kimyakimya. Sasa yuko wodini, vidole vimevimba, hata kijiko hashiki. Kaniambia, "Fundi, nilikufuata wewe."

Liondoe hilo tangazo leo. Andika ukweli: mazoezi yananisaidia, dawa nakunywa, ugonjwa ninao. Wewe ni mdogo wangu wa tumbo moja, sikutegemea haya kwako.

Dada yako

17 Aprili

Dada, shikamoo.

Mpe pole mpiga pasi. Tangazo nimeliondoa. Ila nawe unanionea kidogo, mimi sikumtuma mtu aache dawa. Nikisema "inasaidia pamoja na dawa," nani atakuja? Matangazo yote yanatiwa chumvi, Dada. Huo ukweli nitauandika ukumbi ukishajaa, sasa hivi utaniharibia. Na usisahau ni mimi niliyekuinua kitandani.

Umenisamehe?

Mdogo wako

3 Mei

Kwa mwalimu wa pilates,

Natumai hujambo na nyumba yako. Barua yako nilikwenda nayo wodini nikamsomea mpiga pasi, maana inamhusu kuliko mimi. Akaniomba nirudie pale pa chumvi. Nikarudia. Akageukia ukutani.

Mazoezi nayafanya kila asubuhi. Ni mazuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi: ulikuwa na jambo la kweli mkononi, halikukutosha. Huo ukweli nimeuandika mwenyewe, nimeubandika mlangoni pa duka. Na ya kuogeshwa nimeyaandika pia, maana siri haiko tena. Mwisho nimeandika kwamba aliyedanganya ni ndugu yangu.

Unauliza kama nimekusamehe. Nimempa mpiga pasi kalamu akujibu yeye. Bado haishiki.

Fundi cherehani