Matende ya Zuleide

Jumatatu, 12 Juni 2006
Hospitali tangu asubuhi. Mguu wa Zuleide umevimba tena, kiatu hakiingii, nimemvalisha kandambili zangu. Nesi akaita lile jina la cheti cha kuzaliwa, la kiume, ambalo siliandiki humu. Mara tatu! Zuleide anatazama ukuta kana kwamba anaitwa mwingine. Mara ya nne nikamwinua mwenyewe. Benchi zima likacheka. Mtu wa miaka hamsini na nne, nywele nimemsuka jana kwa mikono yangu — wanacheka.

Daktari hakumgusa. Akauliza kama ni mbu. Zuleide: ndiyo, mbu, matende, ya ukoo, hata mama alikuwa nayo. Uongo mtupu! Mama yake alikuwa na miguu ya korongo. Lakini mtu mweusi, anatoka mtaa wetu wa mitaro hapa Recife — nani angeshangaa? Akaandikiwa vidonge vya minyoo.

Nje akaniambia, "Umeona, shoga? Uongo wanaupenda. Ukweli niliwapa miaka kumi iliyopita, wakaniletea wanafunzi kumi wa udaktari wanikodolee macho, kisha wakaniambia nimejitakia." Nikacheka naye. Sikukipenda kicheko changu.

Alhamisi, 15 Juni
Vidonge vinamtapisha. Mguu wa moto. Uji wa mahindi hakuugusa, na anavyoupenda!

Jumapili, 18 Juni
Mvua. Saluni nimefunga. Nimetoa picha ya Kanivali ya 1984. Lo, Zuleide! Gauni la manjano, nyonga zimejaa, mji wote wa Olinda unamfuata. Wanaume waliotutukana Jumatatu walimpigia magoti Jumanne. Tulikuwa wazuri, jamani. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Pichani tuko tisa. Tumebaki wawili.

Nyonga zile ni kazi yangu. Niandike tu, humu hasomi mtu. Hospitali gani ingetutengeneza sisi tuliozaliwa wanaume? Kila mtaa ulikuwa na fundi wake, na wa kwetu nilikuwa mimi. Silikoni ya kung'arishia magari, naidunga kwa sindano ya ng'ombe, matundu nayaziba kwa gundi. Kisha kamba. Mapaja yanafungwa kamba siku mbili ili kile kitu kisiteremke miguuni. Siku mbili! Wenzangu ni mimi niliyewafundisha.

Zuleide nilimlewesha pombe ya miwa kwa ajili ya maumivu, akalala fofofo. Siku hiyohiyo jioni matarumbeta yakapita chini ya dirisha. Nikatamani kwenda. Bila yeye, kwenda kuna raha gani? Nikazifungua kamba. Alipoamka nikamwambia siku mbili zimekwisha, umelala kama gogo. Akaniamini. Akacheza mpaka Jumatano ya Majivu.

Hajui mpaka leo. Najuta. Na bado, Mungu anisamehe, natamani jioni ile irudi.

Jumatano, 21 Juni
Kidonda kimefunguka kifundoni. Nesi wa zamu anakisafisha kavukavu, bila ganzi. Nikamuuliza kulikoni. Eti ninyi weusi ngozi yenu ngumu, hamsikii. Zuleide, jasho linamtiririka, akamjibu, "Baba, hata ujinga wako nausikia vizuri sana."

Leo kuna daktari mpya, binti mdogo, Dokta Ilka. Alikaa kitandani! Akamuuliza anapenda aitweje. Akaushika mguu kwa mikono miwili. Akasema damu haina minyoo yoyote, hii si matende. "Kuna kitu hamniambii." Zuleide akanifinya paja.

Ijumaa, 23 Juni
Homa. Amelazwa — wodi ya wanaume! Cheti ndicho kilichochagua kitanda. Amejipiga kilemba cha shuka, anawaambia, "Msalimuni malkia, enyi watu." Wawili wamecheka. Mmoja ameomba ahamishwe. Nje mioto ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana imeanza kuwashwa, moshi unaingia madirishani. Zamani tuliiruka tumeshikana mikono, magauni tumeyakunja mpaka magotini.

Saa kumi jioni akaanza kuweweseka. Nikashindwa. Nikamfuata Dokta Ilka kwenye korido, nikamwambia: silikoni. Na aliyemdunga ni mimi. Hakunikaripia. Aliuliza tu mbona tulificha. Nikamweleza habari ya wanafunzi kumi. Akainamisha kichwa.

Kamba sikuzitaja.

Jumamosi, 24 Juni
Homa imeshuka. Zuleide amejua nimesema, ameninunia nusu saa nzima, halafu akataka nimchane.

Upasuaji ni saa nne. Dokta Ilka alikuja na kalamu ya wino mzito. Habari ya kamba kumbe alikwisha kuisikia kwa wagonjwa wengine. Alisema yote yanategemea kile kitu kimeteremka mpaka wapi. Kama kilishikwa na kamba, kiko pajani na huku chini ni uvimbe tu, atafungua paja peke yake. Kama hakikushikwa, lazima kifuatwe mpaka kifundoni leo hii. Kikibaki kule, safari nyingine ni kuukata mguu. "Zile kamba zilikaa muda gani?"

Zuleide akanitangulia, kifua mbele: "Siku mbili kamili, Dokta! Huyu unayemwona alikuwa fundi kuliko wote Recife nzima. Wengine waliua watu. Huyu, thubutu! Mimi naharibiwa na uzee tu."

Dokta akachora mstari pajani. Akaenda kunawa.

Na mimi nikashika kitana, nikaendelea kumchana! Mdomo huu, unaosema saluni kutwa!

Saa nne kasoro dakika kumi. Niko kwenye korido, naandika nimesimama. Nikisema, nitampoteza. Nisiposema, atapoteza mguu — na mtu wa umri wake, kwa damu yake ilivyochafuka sasa, haishii mguuni.

Wanamleta na kitanda cha magurudumu. Hereni amenitupia nimshikie. Dokta yuko nyuma yake, barakoa usoni.

Nimewaambia wasimame.

Wamesimama. Zuleide amegeuza kichwa, anacheka: "Nini tena, shoga? Umeshanililia?"

Wote wananitazama, na mimi bado naandika